Kusaka mayai ya Pasaka ughaibuni: sherehe ya wote, kuanzia mtoto wa miaka 2 hadi bibi wa miaka 80

Kila ikikaribia Jumapili ya Matawi, simu yangu haipumziki. Mama mmoja anauliza mayai mangapi yanatosha watoto ishirini. Mwingine anataka kujua kama yanayofichwa ni mayai ya kuku au ya plastiki, na kama ni ya kuku, je, yanaweza kulala nje usiku? Baba mmoja aliyehamia Ohio mwaka jana aliona watoto wa jirani wakikimbia na vikapu, mwanawe akamwuliza, "Na sisi je?" Hajui aanzie wapi. Maswali ni yale yale, basi nimeyakusanya majibu hapa. Nimeandaa shughuli hii miaka sita kwa familia za Waswahili hapa Columbus: Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi. Makosa mengi utakayoyasoma yametokea mbele ya macho yangu, na mengine niliyafanya mimi.

Ukitaka historia, ni fupi. Wajerumani waliohamia Pennsylvania katika karne ya 18 ndio waliokuja na hadithi ya sungura anayeleta mayai ya Pasaka, na mwaka 1878 Ikulu ya Marekani ilianza kuwafungulia watoto uwanja wake waviringishe mayai kwenye nyasi Jumatatu ya Pasaka. Inatosha. Shika jambo moja tu kabla hujanunua chochote: ukiandaa kwa ajili ya wadogo peke yao, shughuli itaisha kwa dakika tano, na waliobaki watainamia simu. Kila rika lipe kazi yake, na wazee wape kazi kubwa kuliko wote. Nitaeleza jinsi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mayai ya plastiki yanayofunguka katikati. Duka la dola linatosha. Chagua yale ambayo vipande viwili vimeunganishwa kwa kiungo kidogo, kwa sababu yasiyo na kiungo hupotezana na wenzake kabla ya jioni.
- Mayai makubwa kidogo kwa watoto wa chini ya miaka 3, maana nusu ya yai dogo la plastiki inaweza kuingia mdomoni ikaziba koo.
- Vikapu au ndoo ndogo. Waambie wageni waje navyo, na wewe uwe na mifuko mitano ya akiba.
- Vitu vya kutia ndani: stika, raba za kufutia, shanga za kuvaa mkononi (kwa wakubwa tu), sarafu za robo dola, peremende.
- Kamba au utepe wa kugawia uwanja, kalamu ya wino mzito, filimbi, mifuko ya taka.
- Karatasi ya kuandikia idadi. Hii usiisahau hata ukisahau vingine vyote.
- Mpango wa akiba mvua ikinyesha. Pasaka haina tarehe moja, huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mwaka 2027 ni Machi 28, na kwa hapa Ohio hiyo bado ni baridi ya koti. Mwaka 2028 ni Aprili 16, afadhali kidogo.

Hesabu ya mayai

Wengi hukosea hapa, wananunua pakiti mbili na kutumaini. Mimi hupiga hivi: mtoto wa chini ya miaka 4, mayai 8. Wa miaka 4 hadi 7, mayai 12, maana hao ndio wenye njaa ya kusaka. Wa miaka 8 hadi 12, mayai 10, matano yakiwa na vitendawili. Ukiwa na wadogo 6, wa kati 10 na wakubwa 8, unahitaji 48, na 120, na 80. Jumla 248. Ongeza 30 ya akiba, kwa sababu watakuja binamu ambao hawakutajwa. Kwetu binamu huja kila mara, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Hatua kwa hatua

1. Panga siku na saa, na uiandike saa kwa tarakimu. Mwaka wetu wa kwanza niliandika kwenye mwaliko "saa tisa". Familia moja ilifika saa tatu asubuhi, watoto wamevaa nguo nyeupe, wakakuta uwanja mtupu na umande. Walisoma tisa ya Kiingereza. Ukiandikia watu waliotoka nchi nne na ambao watoto wao wamesomea hapa, weka 3:00 ya mchana, kama simu inavyoonyesha, halafu kando uandike saa tisa alasiri. Kuhusu siku, wazee wetu wengine hawapendi kelele Jumamosi Kuu, Bwana akiwa bado kaburini. Waheshimu. Jumapili baada ya ibada na chakula ni nzuri, au Jumamosi inayofuata, kwa kuwa majira ya Pasaka huendelea siku hamsini.

2. Tafuta mahali. Ua wa nyumba unatosha watoto kumi. Zaidi ya hapo, nenda kwenye paki (bustani ya umma) ya mji, ukaulize mapema kuhusu kibanda cha kukodi, kwa sababu wiki ya Pasaka vibanda huisha. Nenda siku moja kabla ukautembee uwanja wote kwa miguu. Tazama kinyesi cha mbwa, vioo vilivyovunjika, mashimo, na pembezoni mwa miti utazame ule mmea wa majani matatu matatu unaowasha ngozi. Usifiche kitu kwenye majani marefu, kupe huanza kuamka mara joto linaporudi.

3. Uliza kuhusu mzio na vyakula wasivyokula watu. Usisubiri siku yenyewe. Karanga ni hatari kwa watoto wengi wa hapa, na peremende nyingi zina alama ya karanga nyuma ya pakiti. Jambo jingine linasahaulika: peremende laini za kutafuna na zile nyeupe zinazofanana na pamba hutengenezwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi ni ya nguruwe. Majirani zetu Waislamu huja, na ndugu zetu Wasabato pia. Soma pakiti, au ujaze stika na sarafu, uwe huna wasiwasi na yeyote.

4. Jaza mayai usiku mmoja kabla, rangi kwa rika. Manjano kwa wadogo kabisa, kijani kwa wa kati, buluu kwa wakubwa. Hivyo kijana wa miaka 11 akipita kwenye yai la manjano anajua si lake. Ya manjano usitie peremende ngumu za mviringo, karanga, zabibu wala sarafu. Kipimo rahisi cha nyumbani ni bomba la kadibodi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha: kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Weka stika kubwa au soksi ndogo. Ndiyo, soksi. Akina mama hushukuru kuliko watoto.

5. Andika vitendawili. Kata vikaratasi, kila kimoja kitendawili kimoja bila jibu, utie kwenye mayai ya buluu. Anza na hivi: *Nyumba yangu haina mlango. Kuku wangu katagia mwibani. Nyumba yangu ina nguzo moja. Kila niendapo ananifuata. Popoo mbili zavuka mto. Huku ng'o na huko ng'o.* Majibu ni yai, nanasi, uyoga, kivuli, macho na giza. Vingine waombe wazee wenyewe, wanavyo vingi kuliko utakavyopata penginepo, na vya Kigoma si vile vya Lamu.

6. Weka baraza la wazee. Viti vyenye mgongo, chini ya kibanda, pasipo upepo, na blanketi kwa kila kiti. Chai ya tangawizi kwenye chupa. Hapa ndipo kila mwenye yai la kitendawili atakapokuja. Mzee anachukua kikaratasi na kusema, "Kitendawili!" Mtoto anaitikia, "Tega!" Mzee anatega. Akiweza, anapewa robo dola. Akishindwa, mzee anadai mji: "Nipe mji." Mtoto anataja mji wowote, mzee anausafiri kwa maneno kidogo, ndipo anatoa jibu. Mtoto ambaye Kiswahili chake kimepungua mwache ajibu kwa Kiingereza, kisha mzee ampe jina la kitu hicho kwa Kiswahili naye alirudie kwa sauti kabla ya kuondoka.

   Mwaka juzi mvulana wa miaka kumi alisimama mbele ya bibi mmoja wa Uvira, kikapu kimemjaa, yai la buluu lililofunguka liko kwenye kiganja. Bibi akatega: "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto akakunja uso, akaanza kuhesabu majengo: stoo, hema, gari. Bibi akakitazama kile kiganja bila kusema neno. Mtoto akashusha macho, akaona, akapiga kelele iliyowafanya watu wa kibanda cha pili wageuke. Alirudi mara nne siku ile, na safari mbili za mwisho hakuwa hata na yai mkononi.

7. Gawa uwanja kwa kamba. Wadogo wapate nyasi fupi, tambarare, na mayai yao yalale wazi. Mtoto wa miaka 2 hasaki, anaokota, na kuokota ndiko furaha yake. Wa kati wafichie nusunusu: nyuma ya mguu wa meza, kwenye uma wa mti, chini ya kofia iliyosahauliwa. Wakubwa ndio wa kuficha kwelikweli. Mayai kadhaa yaweke juu, usawa wa kifua cha mtu mzima, kwenye matawi na vitasa vya uzio, kwa ajili ya mtoto wa kiti cha magurudumu au babu asiyeweza kuinama. Usifukie yai ardhini, wala usiliweke karibu na barabara, maji, au jiko la kuchomea nyama.

8. Wape vijana kazi ya kuficha. Wenye miaka 13 na kuendelea wanaona aibu kubeba kikapu. Wakiwa wafichaji wanabadilika kabisa, wanashauriana, wanaviziana. Kila mmoja apewe eneo na idadi: "Wewe mayai 40, kutoka mti ule hadi kibanda." Akimaliza apige picha za eneo lake kwa simu. Picha hizo utazihitaji jioni. Zawadi yao ni usakaji wao wenyewe baadaye: yai moja la dhahabu, lenye noti ya dola 20, linalopatikana kwa kufuata mfululizo wa vidokezo vitano, na kidokezo cha tatu kiwe kinywani mwa mzee mmojawapo bila kuwaambia ni nani.

9. Toa kanuni, kisha anzisha kwa zamu. Sema kwa sauti: rangi yako tu, ukifikisha idadi yako, msaidie mwenzako, hakuna kufungua yai kabla ya filimbi ya pili. Wadogo waanze kwanza na wazazi wao. Dakika tano baadaye wa kati. Kisha wakubwa. Ukiwaachia wote pamoja, yule mwenye miguu mirefu atabeba mayai hamsini na binti wa miaka mitatu atasimama katikati akilia. Nimeliona hilo kwenye shughuli moja ya wazi mjini, uwanja mkubwa, kamba ikakatwa kwa ishara moja, na mayai mia kadhaa yakaisha kabla sijapata kumvua mwanangu glavu.

10. Hesabu. Kila rangi ihesabiwe vikapuni na kulinganishwa na karatasi yako. Yaliyopungua yatafutwe kwa picha za vijana. Yai la plastiki lililobaki kwenye nyasi litasagwa na mashine ya kukata nyasi, na vipande vitabaki pale miaka. Lenye chokoleti likipatwa na mbwa ni balaa, kwa kuwa chokoleti ni sumu kwake, na peremende zisizo na sukari zenye zailitoli (xylitol kwenye pakiti, kitu cha kutia utamu badala ya sukari) ni mbaya zaidi.

Na mayai ya kuku?

Yapo, lakini hayafichwi nyasini. Tunayapika na kuyapaka rangi Jumamosi jioni, watoto na shangazi zao, na ni nusu ya sherehe kwa nyumba yangu. Panga mayai meupe kwenye sufuria safu moja, maji yapite juu yake kama sentimita 3, yachemke, zima moto, funika, acha dakika 12, kisha maji ya baridi. Rangi: kikombe nusu cha maji ya moto, kijiko cha chai kimoja cha siki nyeupe, matone 10 hadi 20 ya rangi ya chakula, yai likae dakika tano. Siki ndiyo inayoifanya rangi ishike ganda, usiiache.

Ukitaka rangi za jikoni, chemsha maganda ya vitunguu upate rangi ya kutu iliyoiva, manjano ya unga upate njano kali, au kabichi nyekundu, ambayo kwa ajabu hutoa buluu. Hizi huchukua saa kadhaa, hivyo yaache yalowe kwenye friji usiku kucha. Binti yangu hupaka nta ya mshumaa kwanza, anaandika jina, na jina hubaki jeupe.

Mayai ya dukani hapa Marekani yameoshwa, utando wake wa asili umeondoka, ndiyo maana yanakaa kwenye friji tofauti na yale ya sokoni nyumbani. Yakishachemshwa yasizidi saa mbili nje ya friji, na yaliwe ndani ya wiki moja. Yaliyopasuka wakati wa kupika au kupaka rangi yaliwe siku ile ile.

Yatumie kwa mbio za yai na kijiko, mchezo ambao kila aliyesoma shule ya msingi Afrika Mashariki anaujua, na hapo wazazi wataomba wenyewe kuingia. Au gonganisheni kama Wagiriki wafanyavyo na mayai yao mekundu: wawili wanagonga ncha kwa ncha, ambaye lake halikupasuka anaendelea na mwingine. Babu wa miaka 78 alitushinda wote mwaka jana, akiwa ameketi. Yai lililoanguka chini kwenye michezo hii lisiliwe.

Mambo yakienda mrama

*Mvua imenyesha.* Hamia ndani, ficha kwenye ukumbi, lakini punguza mayai kwa nusu na uongeze vitendawili, kwa sababu ndani watoto hupata haraka. Funga kabati la dawa na jiko kabla ya kuanza.

*Mayai yanafunguka yenyewe.* Ni ya bei rahisi mno. Kipande kidogo cha selotepu mahali yanapofungukia kinatosha, ila si kuzunguka yai zima, maana wadogo watakuletea ufungue 200.

*Wamekuja watoto wengi kuliko ulivyotegemea.* Toa akiba. Ikiisha, tangaza kabla ya filimbi kwamba idadi ya kila mtoto imeshuka, kwa mfano kutoka 12 hadi 9. Ukitangaza baadaye utawanyang'anya waliokwisha kupata, na hilo halisahauliki.

*Mtoto amelia hakupata kitu.* Weka mfukoni mayai matatu ya kila rangi. Yadondoshe mbele yake yeye akiangalia pembeni. Usimpe mkononi, anataka kuliona mwenyewe.

*Wazee wamekaa peke yao.* Maana yake vitendawili ni vichache au viti viko mbali. Sogeza viti hadi kwenye kamba ya watoto wa kati. Tulifanya hivyo mwaka wa tatu, na tangu hapo hatuvirudishi.

*Hesabu haitimii.* Uliza wadogo kwanza, wengine hukalia mayai. Kisha angalia mifuko ya makoti, kisha juu, si chini: vijana hupenda kuficha kwenye matawi na kusahau.

*Mayai yamebaki mengi.* Yaoshe kwa maji ya sabuni, yakauke yakiwa wazi, yaweke kwenye kasha lenye karatasi ya idadi ndani. Nenda dukani Jumatatu ya Pasaka asubuhi, bei hushuka hadi nusu, ununue ya mwakani. Kasha langu sasa lina mayai 412, na manjano ndiyo yaliyopungua.